Unahamia Kenya ipi?

Hapa Lubumbashi mtu akikuambia anahamia Kenya, lazima umuulize Kenya ipi. Ya kwanza ni komini yetu, yaani kata ya mji huu, jirani na Kamalondo na Katuba. Kuhamia huko unakodi mkokoteni, unafunga godoro kwa kamba, jioni umeshapika. Ya pili ni ile ya Nairobi, na zamani hakuna aliyeitaja bila kutaja viza. Mambo yamegeuka. Tangu Septemba 2023 Mkongomani anaingia Kenya ile bila viza. Pasipoti iliyokuwa ikiuzwa dola 185, ikashuka hadi 99, imezinduliwa upya Juni 2025 kwa bei ya dola 75. Ongeza kwamba Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, utaelewa kwa nini mtaani, kanisani na katika makundi ya WhatsApp yamebaki maneno mawili tu: mipaka imekufa. Mtu afunge godoro lake, aende.

Ninayapinga maneno hayo. Kilicholegezwa ni kuingia. Kukaa ni habari nyingine, na kufanya kazi ni nyingine tena. Anayeingia huulizwa pasipoti. Anayekaa huulizwa maisha yake yote: alizaliwa wapi, wazazi wake ni nani, alisoma nini, amewahi kufungwa, mtoto huyu aliyemshika mkono ni wa nani. Majibu ya maswali hayo hayatoki Nairobi wala Lusaka. Yanatoka komini, mahakamani na shuleni, hapa hapa kwetu. Kazi kubwa ya kuhama iko kabla ya Kasumbalesa, mpakani petu na Zambia, na wengi wanaivuka Kasumbalesa wakiwa hawajaigusa. Nitasema zaidi: pasipoti ya bei nafuu, tukiikimbilia kama tunavyoikimbilia sasa, inaweza kuwazidishia watu matatizo badala ya kuyapunguza.

Tuanze na Jumuiya, maana ndiyo inayosingiziwa mengi. Rais Tshisekedi alitia saini mkataba wa kujiunga jijini Nairobi tarehe 8 Aprili 2022, na uanachama ukakamilika tarehe 11 Julai mwaka huo. Lakini haki ambazo watu huzitaja zimo katika hati nyingine, Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Humo, ibara ya 7 inahusu watu kutembea, ya 10 inahusu wafanyakazi, ya 13 kuanzisha shughuli, ya 14 ukaazi. Zimetenganishwa kwa makusudi. Mgeni anayeingia kutembea hupewa ruhusa ya hadi miezi sita. Aliyepata kazi ya zaidi ya siku 90 anatakiwa aombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi baada ya kufunga mkataba, na kila nchi iliorodhesha kazi inazozifungua, nyingi zikiwa za kitaalamu. Anayetaka kwenda kuuza kaunda na vitenge barabarani hajaorodheshwa humo. Ardhi imeachiwa sheria ya kila nchi. Tena, kusaini mkataba wa Jumuiya ni hatua moja, na kuingizwa katika kila kipengele cha Itifaki ni hatua nyingine, inayopandwa ngazi kwa ngazi.

Kisha kuna ramani, ambayo kwa furaha yetu tumeisahau. Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Afrika Kusini haimo. Na mtu wa hapa anapohama, mara nyingi anaelekea kusini: Kitwe, Ndola, Lusaka, Johannesburg. Hata anayekwenda Dar es Salaam kwa barabara atatoka Kasumbalesa, akate Zambia mpaka Nakonde, ndipo aingie Tunduma. Yaani ili uwafikie wanajumuiya wenzako unapita kwanza kwa asiye mwanajumuiya, labda uamue kuzungukia Kalemie ukavuke ziwa hadi Kigoma. Huko kusini tunakutana na SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, ambayo Kongo imo tangu 1997. SADC nayo iliandika itifaki ya kurahisisha watu kutembea, mwaka 2005, yenye ahadi ya siku 90 kwa mwaka bila viza. Hazikupatikana nchi za kutosha kuiridhia ili ianze kufanya kazi. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanaiona Jumuiya ng'ambo ya barabara. Sisi tunashangilia mlango uliofunguliwa nyumba ya tatu.

Najua hisia kwamba Zambia si ugenini ina mizizi. Kibemba kinasemwa pande zote mbili za mpaka. Babu za wengi wetu walitoka upande ule, wakati ule ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, wakaja kuchimba shaba ya Union Minière, na mji huu ulioanzishwa 1910 ulijengwa na watu waliohama. Kwa hiyo kijana wa Ruashi anapokwenda kwa shangazi yake Chililabombwe haoni kwamba amehama nchi. Ni kweli kwake na kwa shangazi yake. Ofisa wa uhamiaji atamsalimia kwa Kibemba, watacheka pamoja, kisha atamuuliza kibali.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni ya wanaosema: nenda kwanza, makaratasi utayatengeneza ukiwa kule. Siidharau. Ukingoja kila hati ikamilike utazeekea Katuba. Sensa ya mwisho ya nchi hii ilifanyika 1984. Kitambulisho cha taifa tumekingoja hadi tumesahau tunangoja nini. Cha kwanza alikabidhiwa Rais Juni 2023, na sisi wengine tunaendelea kutembea na kadi ya mpiga kura, ambayo ofisa wa nchi nyingine huigeuza mbele na nyuma akishangaa kwa nini kila Mkongomani anakuja na habari za uchaguzi. Waliofaulu mtihani wa dola, ule wa serikali wa kumaliza sekondari, hungoja diploma yenyewe miaka, wakishikilia karatasi ya muda. Balozi nyingi ziko Kinshasa, na Kinshasa kwa mtu wa hapa ni tikiti ya ndege. Na kweli wapo waliovuka na begi moja, leo wana gereji Chingola, Zambia, au saluni Yeoville, Johannesburg. Ninawafahamu baadhi.

Lakini waulize hao hao walianza kupumua lini. Karibu kila mmoja atakusimulia miaka ya kutembea akikwepa barabara fulani saa fulani, ya kulipwa nusu ya mwenzake kwa sababu tajiri anajua huwezi kushtaki, ya kukodi chumba kwa jina la mtu mwingine. Kisha atakusimulia namna hati zilivyopatikana hatimaye: alimtuma ndugu aliyebaki Lubumbashi, ndugu akamtuma rafiki anayemjua mtu ofisini, rafiki akaleta karatasi yenye muhuri unaong'aa na namba isiyokuwemo katika daftari lolote. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu asiye na hati anaweza kuomba, kueleza, kungoja. Mtu aliyewasilisha hati ya kughushi ana kesi, hata kama hakujua. Cheti cha kuzaliwa ambacho angekifuata mwenyewe akiwa hapa, shahidi wake akiwa mtaa wa pili na daftari likiwa komini, kimegeuka mtego kwa sababu ya kilometa zisizofika mia moja na mstari wa mpaka. Kwa hiyo wanaosema "nenda kwanza" wako sahihi kuhusu ubovu wa ofisi zetu, na wamekosea kuhusu dawa yake.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayonong'onezwa zaidi: ukifika, jiandikishe mkimbizi, sema umetoka Kivu, kwenye vita. Nimeisikia ikitolewa kama ushauri wa busara, na mtu mzima mwenye watoto. Kwanza, mkimbizi ni mtu anayekimbia. Ndivyo zinavyosema Mkataba wa 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969. Pili, hiyo si njia fupi ya kufika Lusaka. Chini ya sheria ya wakimbizi ya Zambia ya 2017, mkimbizi hupangiwa makazi, Meheba kule Kaskazini-Magharibi au Mantapala kule Nchelenge, na kukaa mjini kunataka ruhusa yake. Tatu, ukishapewa ulinzi huo umeiambia dunia kwamba nchi yako haiwezi kukulinda. Ukirudi kuomba pasipoti mpya, au ukija Lubumbashi kwa matanga halafu ukarejea kana kwamba ulikwenda sokoni, umejirudisha mwenyewe chini ya nchi yako, na Mkataba wa 1951 unaitaja hiyo kuwa sababu ya kupoteza hadhi ya ukimbizi. Na kuna wakimbizi wenyewe. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, watu wa kule wanasimama mbele ya maofisa wakiwa hawana hata sanduku. Kila mwongo aliyetangulia anawaongezea maswali. Sijui pia mnajidanganya vipi kwamba hamtajulikana: ofisa akiwa na mkalimani wa Bukavu, Kiswahili chetu cha Lubumbashi kitakutaja kabla hujamaliza kueleza Kadutu iko upande gani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna anayelinong'ona, na ndilo linaloangusha watu wengi niliowaona: jina. Mwaka 1972, wakati wa Mobutu, majina ya Kikristo yalipigwa marufuku, na Mzaire akatakiwa awe na majina ya mababu. Tukapata lile tunaloliita postnom. Marufuku yakaja kuondoka, majina ya Kikristo yakarudi, postnom ikabaki. Leo kila Mkongomani ana vipande vitatu: nom, yaani jina lenyewe, postnom, jina la pili, na prénom, lile la Kikristo. Fomu ya Lusaka, Pretoria au Nairobi kwa kawaida ina visanduku viwili, cha jina la kwanza na cha jina la ukoo. Postnom iende wapi? Mmoja anaiweka huku, mwingine kule, wa tatu anaiacha. Na kwetu hakuna jina la ukoo kwa maana wanayoitaka wao: baba ni Ilunga, mtoto wa kwanza ni Mwamba kwa sababu babu aliitwa Mwamba, wa pili ni Kabwe. Hapa hakuna anayeuliza. Kule, mwanaume anayevuka na watoto wawili, na kila mmoja ana jina lake, anaonekana kama aliyewaokota njiani.

Mpwa wangu ni fundi wa mashine, ana diploma, na alipata kazi Kitwe katika karakana ambayo sitaitaja. Karakana ilitaka diploma ikathibitishwe ZAQA, mamlaka ya Zambia inayopima vyeti vya nje. Diploma yake ilisema Ilunga Kabwe. Cheti cha kuzaliwa, alichokitafuta haraka wiki ya kuondoka, kilisema Kabwe Ilunga, kwa sababu karani aliandika alivyosikia na yeye hakusoma kabla ya kulipa. Pasipoti ilikuwa na Ilunga Kabwe Patrick, na kibali cha kuingilia kikamwita Patrick Kabwe. Alirudi Lubumbashi mara tatu. Mara ya tatu alikaa kwenye kiti changu cha plastiki uani, akazipanga karatasi zote nne mezani kama anayecheza karata. "Nonko," akaniambia, ndivyo tunavyomwita mjomba, "mimi ni mtu mmoja, lakini hapa tuko wanne." Karakana ilimngoja wiki sita, ikachukua mwingine.

Ndiyo maana nasema pasipoti ya dola 75 inaweza kudhuru. Siyo bei yenyewe. Bei hiyo ilitakiwa iwe hivyo zamani. Shida ni mpangilio. Watu wanaanza na pasipoti kwa sababu ndiyo inayoonekana, ina ngozi na nembo, unaweza kuipiga picha. Pasipoti hunakili jina ulilokuja nalo. Ukiichukua kabla ya kusawazisha hati zilizo chini yake, umegandisha kosa kwa miaka yote ya pasipoti hiyo. Mpangilio unaofaa ni kinyume: cheti cha kuzaliwa kwanza, kisha hati za shule, kisha ndoa na watoto, pasipoti mwisho. Kwa aliyeandikishwa akiwa mtoto hakuna kazi kubwa, ni kwenda komini kuomba nakala. Kwa sisi wengine, ambao wazazi walipitisha zile siku 90 ambazo sheria ya familia inazitoa za kuandikisha mtoto, njia ni mahakamani, kuomba jugement supplétif, hukumu ya kuziba pengo la cheti, ndipo komini iandike cheti kwa nguvu ya hukumu hiyo. Ni siku za kupanga foleni na ada za hapa na pale, ambazo zingine hupewi risiti. Hata hivyo ni hukumu yenye namba, ikiulizwa itapatikana. Soma kila herufi kabla hujatoka ofisini. Karani atakunja uso, mwache akunje.

Hati za shule nazo zina ulimi wao. Kwetu kufaulu mtihani wa dola ni kuanzia asilimia 50, na mwenye 58 hufanyiwa sherehe. Ofisa wa udahili wa nchi nyingine akiiona 58 anafikiri umepita kwa huruma. Beba ripoti za miaka miwili ya mwisho na barua ya shule inayoeleza namna alama zinavyotolewa, vyote vimetafsiriwa kwa Kiingereza na mtu aliyeapishwa, si na binamu aliyesoma kozi ya Kiingereza. Afrika Kusini wanaopima ni SAQA. Uliza kabla ya kuondoka hati ipigwe mihuri ya nani: mara nyingi ni mnyororo, kutoka shule hadi wizara yake, hadi Mambo ya Nje, hadi ubalozi wa nchi unayokwenda, na pete moja ikikosekana unarudishwa mwanzo. Kama unasafiri na mtoto bila mzazi mwenzako, chukua ruhusa yake iliyoandikwa kwa mthibitishaji, hata kama ndoa yenu haina ugomvi. Kadi ya njano, choma sindano ya kweli. Tangu Julai 2016 chanjo ya homa ya manjano inahesabika ya maisha yote, kwa hiyo anayekuuzia muhuri mpya kila baada ya miaka 10 anakula pesa yako.

Kuna na lile la mbali zaidi, ambalo watu hulikuta wakiwa wameshachelewa. Ibara ya 10 ya Katiba ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushikwi pamoja na mwingine wowote. Wengi wanaishi kana kwamba ibara hiyo haipo, na serikali mara nyingi inaangalia pembeni. Lakini ibara ipo, na anayeangalia pembeni leo anaweza kugeuza shingo kesho, hasa ukiwa na kiwanja, urithi au ndoto ya kugombea. Anayehama akiwa na nia ya kuchukua uraia wa huko apige hesabu hiyo mapema, na ajue kwamba ukaazi wa kudumu na uraia ni vitu viwili. Cha kwanza kinampa mtu karibu kila anachokitafuta bila kumvua cha kwao.

Kwa mamlaka zetu, maana ya haya yote haipendezi. Pasipoti inaingiza dola, kwa hiyo inazinduliwa kwa hotuba na picha. Daftari la vizazi la komini haliingizi kitu, kwa hiyo linaliwa na mchwa. Nchi iliyotaka Jumuiya iwafae wananchi wake ingeanzia kwenye daftari hilo, na ingewatafuta walio nje pia: Desemba 2023 Wakongomani wa nje walipiga kura kwa mara ya kwanza, katika nchi tano, Afrika Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Kanada na Marekani. Zambia, ambako malori yetu yanalala foleni kila usiku, haikuwemo. Kwa mhamaji maana yake ni hii: usitegemee kutafutwa. Fika ubalozini, jiandikishe, chukua kadi ya konsula, kwa sababu siku pasipoti itakapoibwa huko Lusaka, hiyo kadi ndiyo itakayosema wewe ni nani.

Mpwa wangu amerudi Kitwe, safari hii ana hukumu ya mahakama na jina moja katika karatasi zote. Amepeleka diploma tena, anangoja. Juzi alinipigia simu. Mke wake, aliye huko naye, yuko karibu kujifungua, na hospitali imewapa fomu wajaze mapema.

"Nonko, kisanduku cha jina la ukoo, niandike la babu au langu?"

Nikamuuliza mtoto atasafiri na nani zaidi. Akasema na yeye.

"Basi andika lako. La babu mwite nyumbani."